Kaseti Alizoleta Benard

Dispensari ya Shambani,
Kericho.
10 Machi 1996.

Mpendwa Tecla,

Barua yako niliipata, na salamu za mama yenu nikazipokea kana kwamba zimetoka kwake, ingawa mimi na wewe tunajua hajui kama nipo duniani. Mimi ni mzima. Kazi ni ile ile: vidonda, malaria, na wachumaji wa majani ya chai ambao migongo yao inaniuma mimi nikiitazama tu.

Umeniuliza kuhusu ile mashine ya video ambayo kaka yako Benard alirudi nayo kutoka Korea. Iko hapa kwangu, imefunikwa kitambaa kama maiti. Benard anasema nyumba za mafundi zina wezi na stima yake haitulii, kwa hiyo mashine pamoja na boksi zima la kaseti vikahamia kwa sista muuguzi wa dispensari, kwa sababu mimi nina televisheni. Kampuni ilimpeleka nchi za watu akajifunze mitambo ya kukausha majani, naye alichorudi nacho ni hadithi ya mapenzi. Alipewa na mwenyeji wake wa huko. Maneno yameandikwa kwa Kiingereza chini ya picha. Anasema jioni mji mzima ulikuwa unakimbia nyumbani kuitazama. Akaniambia, "Phelis, usiiharakishe. Ukiimaliza utanielewa."

Basi nimeanza. Kuna mwanamume mwenye koti refu jeusi, fundi wa saa. Nimemwita Koti Refu kwa sababu jina lake lenyewe linanishinda. Ng'ambo ya barabara kuna msichana anayeuza mikate. Koti Refu anampenda. Tumelijua hilo kabla hata majina ya waigizaji hayajaisha kupita, maana anamtazama kama ng'ombe anavyotazama geti. Sasa subiri jambo litokee. Kaseti ya kwanza, ananunua mkate. Ya pili, ananunua mkate mwingine. Ya tatu, anafungua mdomo kusema, theluji inaanza kuanguka, anaufunga. Kaseti nzima tuliyotazama leo imeishia kwenye kutafuta glavu iliyopotea. Imepatikana. Ilikuwa mfukoni.

Rangi nayo imekataa. Eti kaseti za huko na televisheni za huku hazisikizani, kwa hiyo watu wote wana nyuso za jivu, na mkate ni wa jivu, na theluji ni jivu jeupe. Benard anakaa hapo Jumapili baada ya kanisa, chai inapoa mkononi, hapumui. Ukimsemesha anainua kidole.

Nilivumilia theolojia ya kidato cha nne, hili pia nitalivumilia. Lakini wewe ni mwalimu, niambie: mtu akipenda, ulimi wake unapotelea wapi?

Wako,
Phelis Mongina.


Shule ya Msingi,
karibu na Bomet.
24 Machi 1996.

Wifi yangu Phelis,

Naomba msamaha kwako mapema, kwa sababu barua yako nimeisoma kwa sauti katika chumba cha walimu. Kilichotokea ni kwamba nilicheka peke yangu kwenye ile glavu, mwalimu mkuu akaniuliza kuna nini, na baada ya hapo haikuwezekana kuificha. Sasa shule nzima inamngoja Koti Refu. Sisi hapa hatuna stima, wewe ndiye televisheni yetu, kwa hiyo usituache gizani.

Lakini umemwonea huyo mtu. Wengine maneno yao yako ndani sana, yanatoka kama maji ya kisima kirefu, mpaka kamba ifike. Mwalimu mmoja wa hapa, Bwana Osoro, amesema huyo Koti Refu ni mwanamume mwenye heshima, hamrukii msichana wa watu. Mimi nimeunga mkono. Wewe Mkisii una haraka. Kwenu mtu akitaka jambo anapiga kelele hadi bonde la pili.

Nyumbani tumepanda mahindi. Mama anasumbuliwa na goti, lile la kulia, na hataki kwenda hospitali. Anasema goti ni lake na litamsikia. Tumekuwa na wageni kidogo, wazee wa kutoka upande wa Kabianga, mambo ya kawaida tu.

Mwambie kaka yangu awe anaandika. Tangu arudi kutoka Korea ametutembelea mara moja, akakaa karibu na moto, akatueleza jinsi theluji inavyoanguka.

Ni mimi wifi yako,
Tecla Chelimo.


Dispensari ya Shambani,
Kericho.
14 Aprili 1996.

Mpendwa Tecla,

Kwanza, usiniite wifi. Najua ni kwa mapenzi, lakini wifi hupatikana mtu akishatoa neno, na neno halijatoka.

Pili, mwambie Bwana Osoro na walimu wenzake kwamba msichana wa mikate sasa amelazwa. Ugonjwa wenyewe hautajwi. Amekohoa mara moja, kwa adabu, kwenye leso, midomo imepakwa rangi vizuri. Wamemtundikia dripu isiyoshuka. Nimeikaribia televisheni nikaitazama: haidondoki hata tone. Hakuna sista anayeingia, hakuna anayepima joto, ni yeye na maua tu. Kwetu mtu akikohoa hivyo tunamrudisha shambani amalizie kuchuma. Na Koti Refu? Amekuja mpaka mlango wa wodi akiwa na mkate. Akasimama. Akautazama mlango. Muziki ukalia. Akaweka mkate chini akaondoka. Tecla, aliuweka mkate sakafuni, hospitalini.

Nikageuka nimcheke pamoja na Benard, nikakuta analia. Machozi kabisa, yanashuka mashavuni, fundi mzima wa boila.

Nikaona hiyo ndiyo nafasi yangu. Nikazima. Nikamwambia kwamba tunaelekea mwaka wa nne tukienda kanisani viti viwili mbalimbali ili watu wasiseme, na kwamba ndugu yangu Makori ananiuliza kila nikifika Keroka kama huyo mtu ana kwao. Nikamuuliza ni lini atanipeleka kwa mama yake. Alipangusa machozi kwa kiganja. Kisha akasema tatizo si yeye. Alisema Mama hawezi kuvumilia kusikia habari ya Mkisii. Tangu ile vita ya mashamba kati yenu na sisi roho yake ilifunga, na akiambiwa sasa, na umri wake, moyo unaweza kusimama. Akaniomba nimpe muda amtayarishe.

Mimi ndiye ninayewashika watu mikono mioyo yao ikisimama, nitaanzaje kuusimamisha wa mama yake? Lakini nakuambia kweli, sijawahi kumwona mama yako na tayari ninamwogopa. Nikisikia Kipsigis, lugha yenu, kikisemwa kwa nguvu kwenye foleni, ninadhani ni yeye amekuja.

Yeye ni mkali kiasi hicho? Wewe niambie.

Benard aliniomba niwashe tena. Niliwasha.

Phelis.


Shule ya Msingi,
karibu na Bomet.
5 Mei 1996.

Mpendwa Phelis,

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya shughuli za kufungua shule, na pia kwa sababu niliandika barua mbili nikazichana.

Umeniuliza kuhusu Mama. Ni mkali wa mdomo kama mama yeyote aliyelea watoto bila baba. Hayo ya vita, Benard amekuambia yeye mwenyewe, kwa kinywa chake? Mimi nisingeyaeleza hivyo. Lakini yeye ni mkubwa wangu, ndiye aliyenilipia masomo ya ualimu, na siwezi kumrudi kwenye karatasi. Mngoje aje azungumze. Yuko likizo mwezi ujao na atakuja huku. Mimi nitamsukuma kadiri dada anavyoweza kumsukuma kaka.

Tafadhali usiache ile hadithi. Imalize. Pengine huyo mwanamume anasema mwishoni, na msichana anapona, na utaona aibu kwa yote uliyomtukana. Hapa walimu wamegawanyika. Wanawake wamechoka naye, wanaume wanasema apewe nafasi.

Mvua ni nyingi, majani yanaota kuliko mikono ya kuchuma.

Usinikasirikie kwa lolote.

Tecla.


Nyumbani,
Bomet.
9 Juni 1996.

Kwako Phelis,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mimi niko salama ila mawazo ni mengi. Nimelazimika kuongeza likizo kwa sababu ya kazi za hapa nyumbani, majani na ng'ombe, na pia Mama goti halijatulia.

Asubuhi huku kuna ukungu mzito juu ya majani chai, mpaka huoni mtu aliye mbele yako. Nikiutazama ninakumbuka kule Korea. Ninakumbuka pia ile sehemu ya daraja, Koti Refu anapomwona msichana akipita chini na hamwiti. Wewe ulisema ni upumbavu. Mimi ninaona kuna mambo ambayo mtu akiyasema yanapungua.

Kuna jambo nataka kukuambia lakini si la barua. Nikirudi tutazungumza. Nisipoliongelea siku ile ile, ujue bado ninatafuta jinsi ya kulianza.

Tafadhali usirekodi kitu juu ya zile kaseti.

Benard Kipngeno.


Dispensari ya Shambani,
Kericho.
23 Juni 1996.

Tecla,

Nimeiacha. Waambie walimu. Kaseti zilizobaki zimo kwenye boksi na sitazigusa.

Nikupe ya mwisho niliyoitazama ili msiseme niliwahukumu watu bila kuwasikiliza. Msichana ametoka hospitalini, amepona ugonjwa ule usio na jina, sasa anahamia mji mwingine. Amemwandikia Koti Refu saa ya treni. Yuko stesheni na sanduku, anatazama kushoto, anatazama kulia. Koti Refu amefika. Amefika mapema kabisa. Yuko nyuma ya nguzo. Treni inakuja, inasimama, watu wanapanda, na yeye nyuma ya nguzo analia kwa uzuri, upande mmoja wa uso, ule unaopigwa na taa. Treni ikaondoka. Ndipo akakimbia. Tecla, alikimbia baada ya treni kuondoka, na muziki ukapanda juu kana kwamba amefanya jambo. Nilisimama nikachomoa waya ukutani. Mtu aliyetengeneza upuuzi huo alale njaa.

Na sasa lililonifanya nikuandikie. Jumanne alikuja mama mmoja wa laini, zile nyumba za wachumaji, anaitwa Elmina, ameleta mtoto kuchanjwa. Kwao ni karibu na kwenu. Huku nikimshika mtoto akawa ananipigia hadithi, akaniuliza kama nimesikia kwamba yule fundi Benard Kipngeno anakaribia kufanyiwa koito, wazee wake wanakwenda kwa kina msichana kumwomba. Anaitwa Joan. Wanatoka upande wa Kabianga. Elmina alikuwa anafurahi. Alisema kijana mzuri, mpole, mama yake amengoja sana.

Nilimchanja mtoto. Nikaandika tarehe kwenye kadi yake, nikamrudishia mama yake.

Nataka neno moja kutoka kwako, ndiyo au hapana. Usiniandikie habari za mvua.

Phelis.


Dispensari ya Shambani,
Kericho.
15 Julai 1996.

Benard,

Dada yako hakunijibu, na huko kutojibu kukawa jibu tosha. Ndiyo sababu Jumamosi uliniona nikiingia kwenu kupitia upande wa shamba la mahindi.

Najua ulichokiona wewe. Uliona wazee wawili na shangazi yako wamekaa wakipanga safari ya koito, na ukaniona mimi mlangoni na viatu vya matope. Nilikuwa nimekupa muda wote niliokuwa nao, na pale mlangoni nikakuongezea mwingine, labda wa kuvuta pumzi mara moja. Ungeweza kusema jina langu tu. Ungesema "huyu ni Phelis" ukakaa kimya, mimi ningemalizia.

Ukasimama ukawaambia wageni, "Huyu ni sista wa dispensari ya kampuni. Amekuja kumwangalia Mama goti."

Kisha ukaenda kwa ng'ombe.

Kwa kuwa hukuwepo, nikueleze kilichofuata. Mama yako alinipeleka jikoni, akafunga mlango, akakaa kwenye kigoda, akapandisha sketi mpaka juu ya goti. Sikuwa na la kufanya ila kuliangalia. Limevimba maji, apelekwe wakalivute. Nikiwa nimepiga magoti hapo chini, akaniuliza, "Wewe si sista tu. Wewe ni nani wa Kipngeno?"

Nilimwambia. Sikuongeza, sikupunguza. Nilikuwa nimejiandaa nimshike akianguka, maana uliniambia moyo wake utasimama. Haukusimama. Aliniuliza kwa nini sikuja mapema, nikamwambia ulichoniambia kuhusu Wakisii na ile vita. Alishusha sketi akalifunika goti. Halafu akaniuliza kama ninamjua mzee Mageto, Mkisii aliyekuwa jirani yenu zamani. Nikasema hapana. Akasema wakati wa vita hiyo mke wa Mageto na watoto wake walilala ndani ya ghala la mahindi pale nyuma, na aliyekuwa akiwapelekea uji ni wewe.

Benard, uliwapelekea uji wewe mwenyewe. Ulijua.

Mama yako akasema, na haya ni maneno yake: "Mimi niliuliza yeye Krismasi, kabla asafiri. Nikasema, Kipngeno, kama kuna msichana, sema. Awe Mkisii, awe Mjaluo, mimi nitatuma wazee. Nikauliza tena juzi, kabla hawa watu wakuje. Akaangalia moto. Akasema hakuna mtu."

Nikamwambia, "Basi, Mama, mimi ndiye huyo hakuna mtu."

Alinishika kichwa kwa mikono yote miwili. Hakulia, na mimi sikulia. Alinimiminia maziwa nikanywa, nikatoka kwa njia niliyojia. Ulikuwa bado unakamua. Ng'ombe mmoja muda wote huo.

Nilikuwa tayari kushindana na mama mkali. Nilikuwa tayari kushindana na kabila zima, na kanisa, na ndugu yangu Makori. Miaka yote nimejifunga kiuno kwa vita hiyo, kumbe hapakuwa na adui hata mmoja. Ulikuwa wewe tu, na uvivu wa mdomo wako.

Kaseti zako nitazituma na Owino, dereva wa lori la kiwandani. Usizifuate.

Phelis Mongina.


Nyumba za Mafundi,
Kericho.
28 Julai 1996.

Phelis mpenzi,

Nimesoma barua yako mara nyingi. Yote uliyoandika ni kweli na siwezi kubisha.

Lakini hujui ninavyosikia ndani. Nikikuona huwa maneno yanajaa mpaka yanaziba. Siku ile nilitaka kusema. Nilikuwa nimeshaamua kusema jioni, wageni wakiondoka. Ukaja kabla. Kama ungechelewa kidogo mambo yangekuwa mengine.

Nakupenda. Sasa nimeandika. Naomba uniongezee muda kidogo niyapange mambo na wazee, halafu nitakuja mwenyewe nikuambie uso kwa uso.

Ni mimi akupendaye,
Benard.


Shule ya Msingi,
karibu na Bomet.
18 Agosti 1996.

Phelis,

Uliniuliza ndiyo au hapana na nikashindwa na neno moja. Nilikuwa nimemwahidi Benard kunyamaza, naye kila wiki aliniahidi kwamba atasema. Naona tumelelewa nyumba moja.

Siombi unijibu. Nataka tu ujue kilichotokea.

Ulipoondoka Mama alirudi sebuleni akawaambia wazee wanywe chai yao waende, hakuna koito. Hakueleza. Shangazi akaanza kelele, Mama akamwambia aketi. Benard aliporudi na maziwa alikuta viti vitupu. Mama hakumgombeza, na mimi niliona hilo ni baya zaidi. Alimwambia, "Maziwa weka hapo," na tangu siku hiyo anazungumza naye habari za ng'ombe tu.

Jumatatu Mama alikwenda mwenyewe hadi Kabianga na goti lake hilo, mimi nikimshika mkono, akawaambia kina Joan kwamba mwanawe hayuko tayari kuoa mtu yeyote na wasimngojee. Baba wa msichana alikasirika, na ana haki. Lakini Joan mwenyewe alinisindikiza barabarani, akacheka. Alisema Benard alikwenda kwao mara kadhaa, na kila mara alizungumza juu ya theluji. Yeye Joan alikuwa amemuuliza mama yake kama huyo mtu ni mgonjwa.

Mama anasema ungekuja. Si kwa ajili ya Benard. Alisema, "Mwambie yule msichana, hata kama kijana yangu ni kuni mbichi, hapa ni kwao." Goti tulilipeleka kama ulivyosema, wamelivuta, sasa anatembea.

Benard alirudi Kericho akisema anakuja kuzungumza nawe. Sijui kama amefika. Ni mwendo wa kuvuka barabara tu.

Nikikuuliza swali la kipumbavu usinitupe: hukutazama mwisho kabisa? Osoro bado anasema alisema.

Tecla.


Dispensari ya Shambani,
Kericho.
15 Septemba 1996.

Dada Tecla,

Nilikukasirikia mwezi mzima na sasa nimechoka. Kazi hii haimwachi mtu na nguvu za kukasirikia watu wawili kwa wakati mmoja, na kaka yako amechukua sehemu yote.

Mwambie Osoro sijui kama alisema, na hata angesema kwa kipaza sauti nisingegeuza shingo. Boksi limeshaondoka. Owino alilipakia kati ya magunia, akaniuliza ni nini, nikamwambia ni dawa ya usingizi.

Mwambie Mama nitakuja. Nikipata siku ya ofu kazini nitakuja na bendeji ya kumfunga goti na nitakaa jikoni kwake mpaka jioni. Napenda nyumba ile. Sikujua kama ningeipenda. Na mwambie nimepata nafasi ya kusomea ukunga Nakuru, ninaanza mwaka ukiingia. Niliiomba siku moja baada ya kutoka kwenu. Fomu yenyewe ilikuwa imekaa kwenye droo tangu mwaka juzi, maana nilifikiri nikiondoka Kericho kuna mtu atapata taabu. Niseme ukweli, usiku mwingine ninalia. Miaka yangu haikuwa kaseti, kwamba ninaweza kuichomoa ukutani. Lakini ninalia kisha ninalala, na asubuhi ninakula.

Benard alifika. Ni juzi Ijumaa, siku ya watu wengi kliniki. Nilimwona kupitia dirisha amekaa kwenye benchi na wachumaji, amevaa shati la kanisani. Alipanga foleni kama wengine. Nikaona angalau hilo, na moyo wangu, nitakuambia wewe tu, ulinidunda. Nilijisemea kwamba kama ataingia hapa mbele ya watu wote hawa aseme neno moja la kweli, nitaweka kalamu chini nimsikilize.

Zamu yake ikafika. Mlango ulikuwa wazi, kama kawaida, na wale wa nyuma yake walikuwa wamesongea mpaka kizingitini. Elmina alikuwa miongoni mwao. Nilimkaribisha kiti nikamuuliza ninavyomuuliza kila mtu, "Shida ni gani?"

Alitazama mlango. Akasema kwa sauti ya chini, "Phelis, kuna watu."

Nikamwambia, "Watu wako hapa kila siku. Sema."

Alinitazama, Tecla. Kweli alinitazama, na niliona yote yamo, yamejaa, kama alivyoandika. Alifungua mdomo. Nje mtoto akakohoa. Elmina akasogea kidogo apate kusikia vizuri.

Akasema, "Kichwa kinaniuma."

Nilimpa vidonge viwili, nikamwambia anywe akishakula, nikaita mwingine.

Phelis.